Barua kwa mwanangu Zuwena: ile kazi ya makumbusho

Konde, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Karafuu zimeiva na mamaako hana hata nafasi ya kukaa.

Unauliza kama uikubali kazi ya makumbusho, maana wenzako wanakwambia umesomea ndege walio hai, kisha unakwenda kufungiwa na waliokufa. Mimi nasema ikubali.

Unajua nilikoanzia. Nilikuwa nikiamia mnana kwenye mpunga wa bibi yako, kisha nikawabebea mizigo watafiti wa ndege waliokuja msitu wa Ngezi. Wao ndio walionifundisha kutega nyavu kabla ya alfajiri, kumpima ndege uzito ndani ya mfuko wa kitambaa, kumvisha pete mguuni na kumwachia. Chuo kikuu kilikuja baadaye. Lakini kilichonitia utafiti moyoni ni meza ya makumbusho, siku nilipokabidhiwa ndege chozi aliyekufa kwa kugonga dirisha, nikaambiwa nimtayarishe ngozi yake ihifadhiwe.

Wembe unapita kifuani hadi tumboni. Ngozi inavuliwa taratibu, huku unanyunyiza unga wa mahindi ili damu na mafuta yasishike manyoya. Ndani unatia pamba iliyozungushiwa kijiti, unashona, unalaza mbawa, unafunga miguu na lebo yake. Na kabla ya yote hayo, andika rangi ya macho na ya miguu, kwani hufifia upesi. Andika mahali, tarehe, dume au jike. Asikwambie mtu kwamba huo ni ukarani. Ngozi isiyo na lebo ni pambo tu.

Tazama habari ya Ratcliffe, Mwingereza aliyepima maganda ya mayai ya kozi, yule ndege mwindaji, yaliyokusanywa na watu kwa miaka mingi. Mwaka 1967 akatangaza kwamba maganda yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati DDT, ile sumu ya kuulia wadudu, ilipokuwa inaenea mashambani. Waliookota mayai yale hawakuwa na fikra ya sumu yoyote. Na leo kipande kidogo cha kidole cha ngozi kuukuu chaweza kutoa DNA!

Sisi Wapemba jambo hili linatuhusu zaidi. Tuna ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani: bundi, ninga, chozi, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Bundi watu wanamwita uchuro, naye maskini anakaa zake Ngezi na kwenye mikarafuu mikongwe. Aliyemwelezea kitaalamu ni Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, mwaka 1937. Ninga akamfuatishia mwaka 1940. Wazee wetu walikuwa wakiwajua siku zote, ila hakuna aliyewauliza wala kuandika walichokijua. Nataka lebo za sasa ziandikwe na mtoto wa hapa. Usiandike "Pemba" ukaishia hapo. Andika kijiji, andika bonde, andika mti aliokuwa juu yake.

Sharti moja uwape: wakuruhusu kutoka kila mwaka kwenda msituni. Hilo usilegeze, hata wakikuongezea pesa.

Mshahara ni mdogo, najua. Kodi ya chumba tutasaidiana mpaka utengemae, ami yako naye kaahidi. Wajibu wiki hii, kisha nijulishe siku ya kuanza.

Wasalaam,
Babaako