Vitunguu vya Mama Régine visingoje Novemba

Lubumbashi, 6 Aprili

Kwako Mama Ngoie,

Jambo sana. Habari ya Kipushi, habari ya Papa Ngoie na mguu wake, habari ya wajukuu? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Tangu Bonane, ile ya mwaka mpya, hatujasikiana, na simu yako kila nikipiga haipatikani, basi nimeona heri niandike nimpe dada mkubwa, Yaya Georgette, anayekuja huko Jumamosi kwa mambo ya mahari ya yule kijana. Atakuletea barua hii pamoja na kiroba. Tafadhali kiroba kisiingie magazini. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ukifungue siku hiyohiyo.

Ndani yake ni vitunguu vya maua vya marehemu Mama Régine. Ndiyo, glayeli zake zilezile za ukutani, nyekundu na zile za rangi ya waridi zenye koo jeupe. Parseli yake, kile kiwanja cha Bel-Air, imeuzwa. Jinsi ndugu walivyovutana unajua, sitaki hata kuanza. Aliyenunua anajenga maduka mpaka barabarani, na Yaya Georgette alipokwenda kuchukua masufuria akavikuta vimetundikwa jikoni ndani ya soksi za nailoni, kama Mama mwenyewe alivyoviweka mwaka jana baada ya kuving'oa. Wakati wake wa kupandwa ulikuwa mvua za kwanza, na mvua za kwanza zilitukuta kwenye matanga. Nani angekumbuka maua siku zile?

Sasa ni Aprili na mvua inaaga. Kila niliyemuuliza ananiambia msimu umeshapita, weka mpaka Novemba. Papa Jado amesema hivyo. Yule anayetunza bustani ya paroko naye amesema hivyo, na huyo ninamheshimu. Lakini mimi nakataa, Mama Ngoie, tena nakataa kwa nguvu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kitunguu cha glayeli hakiishi miaka mingi. Ukikipanda, hujimaliza chote kwa kutoa majani na ua, kinanyauka hukohuko chini, na juu yake kinaumbwa kingine kipya. Unachong'oa mwisho wa msimu si kile ulichopanda. Maana yake, kama hakikupandwa hakikujizaa, na kama hakikujizaa kinabaki kizee, kinakula akiba yake kidogo kidogo mpaka kinakuwa ganda. Hivi vimeshapoteza mvua moja. Tukivingojesha mpaka Novemba tutafungua soksi tukute makapi, na hakuna mahali pengine duniani pa kuzipata glayeli za Mama Régine, maana ukuta wenyewe unavunjwa. Vingine vimeanza kuchipua humo ndani ya soksi, gizani, bila udongo wala tone la maji. Nilipoviona roho iliniuma.

Najua utaniuliza, kama ulivyoniuliza zamani: mbona zile za porini hungoja? Unakumbuka tulipokuwa wasichana tukienda kuokota bowa, uyoga wa mvua, upande wa barabara ya Kasumbalesa, tukikuta glayeli za msituni, za rangi ya machungwa na manjano, zimesimama katikati ya miombo? Hiyo ndiyo ile ambayo wataalamu wa mimea wanaihesabu kuwa mmoja wa wazazi wa glayeli za bustani za dunia nzima. Kweli hungoja. Kiangazi majani yake hukauka, moto wa porini hupita juu, nacho kitunguu kiko chini salama mpaka mvua irudi. Lakini hiyo hulala miezi ya kiangazi tu, tena hulala ikiwa imekwisha kujifanya upya kwa mvua iliyotangulia. Kulala mwaka na zaidi ndani ya soksi ni jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo vipandwe sasa, hata kama tumechelewa. Wa kuvipanda ni wewe, mimi siwezi. Hapa Katuba bomba linatoa maji usiku wa manane, siku nyingine halitoi, na kuanzia Mei mpaka mvua irudi nitakuwa nanunua maji ya kupikia bukari, ugali wa watoto, si ya kumwagilia maua. Wewe una bustani yako kule bondeni kwenye kijito, na kwako kiangazi ndio msimu wenyewe. Unapomwagilia kabichi asubuhi na jioni, mstari mmoja wa glayeli pembeni hautakuongezea ndoo nyingi.

Lakini usivipande kule chini kabisa penye unyevu, nakusihi. Maji yakisimama vitaoza, na baridi ya Juni na Julai hujikusanya bondeni usiku. Panda ukingo wa juu, pale ulipoweka nyanya mwaka jana. Na ule udongo wa kichuguu unaoupenda ni mzuri lakini ni mzito, unashika maji, uchanganye na mchanga. Vichambue kwanza: kilicho kigumu na kizito mkononi, panda, hata kama kimekunjamana kidogo, kilicho laini au chenye ukungu, tupa mbali, kisiguse vingine. Usidanganyike na kile kipana kilicho bapa, chenye nguvu ni kile kinene cha kimo. Kina cha kama sentimita 10 mpaka 15, nafasi hivyohivyo, chipukizi juu, kitako chini. Vile vilivyochipua vishike taratibu. Kikivunjika chipukizi usikate tamaa, mara nyingi kuna jicho lingine pembeni. Juu tandaza nyasi kavu ili ardhi isipasuke. Vile vidogo vidogo kama punje usivitupe, vipande mahali pake peke yake. Havitatoa ua mwaka huu wala pengine ujao, lakini ndivyo vitakavyoendeleza ukoo.

Mle chini kuna vichache vikubwa vyenye magamba. Hivyo ni amarilisi nyekundu za mlangoni. Hizo ni za kudumu na zina uvumilivu, panda ukipata nafasi, shingo ibaki nje.

Sasa nikuambie jambo ambalo limeninyima usingizi kwa furaha. Glayeli huchukua kama siku 70 mpaka 100 toka kupandwa hadi kuchanua, inategemea aina na joto. Kwa baridi yetu ya katikati ya mwaka tuseme zitachelewa. Ukizipanda wiki hii, hesabu mwenyewe: zitaangukia mwisho wa Julai, mwanzo wa Agosti. Tarehe 1 Agosti! Siku ya wazazi, na asubuhi yake tuko makaburini kwa wazazi waliofariki, na majembe na mafagio, kila mtu na maua yake ya plastiki kwa sababu kiangazi hakuna mengine. Mama Régine alipanda kwa mvua, maua yake yalikuwa ya Januari na Februari, akayakata kwa harusi za watu na kwa altare. Lakini siku ya kuwakumbuka wafu wake mwenyewe, hakuwahi kuwa na maua hayo. Mwaka huu, kwa sababu tumechelewa, yanaweza kumfikia yeye. Siwezi kukuahidi, baridi ina mambo yake. Lakini hata zikichanua katikati ya Agosti nitakuja kuzichukua, tutakwenda siku yoyote, kaburi halifungwi.

Mabua yatakuwa mafupi kidogo kuliko uliyoyazoea, usishangae. Maji usiyapunguze majani yakishakuwa matatu au manne, maana ndipo ua linapoumbwa ndani. Na kiangazi kuna vile vidudu vyembamba vinavyofyonza majani mpaka yanaonyesha michirizi ya rangi ya fedha. Chungulia kila unapopita, majani machache yaliyoharibika yakate uyachome kabla havijaenea. Ua la chini likianza kuonyesha rangi, kata asubuhi, mengine yatafunguka ndani ya chupa moja baada ya jingine kwenda juu. Ila uache majani manne chini, hata kama Papa Ngoie anataka bua refu la mezani. Majani hayo ndiyo yanayokilisha kitunguu kipya, na kitunguu kipya ndicho tunachokitafuta. Ua ni zawadi juu yake. Yaache kama wiki sita ndipo ung'oe. Halafu vinahitaji usingizi wa miezi miwili mitatu, kwa hiyo usivirudishe ardhini na mvua ya kwanza ya Novemba, ngoja mpaka Desemba au Januari. Hivyo ndivyo tutakavyovirudisha kwenye mvua.

Habari nyingine: unga umepanda tena, umesikia. Mtoto wangu wa mwisho amepata kazi ya majaribio kwenye gereji, anarudi mweusi wa mafuta na anacheka tu. Na ile habari ya Kampemba... hapana, hiyo si ya kuandika, tutaongea uso kwa uso.

Nijibu kwa mkono wa Yaya Georgette, anarudi Jumatatu. Kijito bado kina nguvu mwaka huu au kimeshaanza kushuka? Pale ukingoni pako wazi, au umeshapanda kitu? Vilivyo vigumu vimebaki kama vingapi baada ya kuchambua? Mguu wa Papa Ngoie, ule mti wa dawa alioletewa ulisaidia, au mtarudi hospitali? Kwa nini simu haipatikani, imeibiwa? Na 1 Agosti utakuja wewe, au nikufuate na gari la asubuhi tubebe maua pamoja? Nusu ya vipya vitakavyotoka ni vyako, hilo usinibishie. Nusu nyingine nitampelekea bintiye Mama Régine, ambaye bado hajui kwamba vipo. Usimwambie mpaka tuone majani.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Mama Kabwe