Carolyn Shoemaker alianza akiwa na miaka 51

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda chuo kimoja hapa mjini kuulizia masomo ya kompyuta. Kijana wa mapokezi aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama, mwanao amemaliza shule lini?" Nilipomwambia mwanafunzi ni mimi, akasema kwa upole kuwa nafasi hizo ni za vijana. Nina miaka 53. Nilirudi nyumbani na uchungu, ndiyo maana nataka wasomaji wako wamjue Carolyn Shoemaker.

Mama huyu alizaliwa Marekani mwaka 1929. Chuoni alisoma historia na siasa. Alifundisha shule kwa muda mfupi, kazi haikumkaa, akaolewa na Gene, mtaalamu wa miamba, wakapata watoto watatu. Watoto walipokua wakatoka nyumbani, akaingia kwenye falaki, elimu ya nyota na sayari, umri wake miaka 51. Hadi anafariki Agosti 2021, yeye na wenzake walikuwa wamegundua nyotamkia 32 na mamia ya asteroidi, yale majabali yanayozunguka jua, ambayo mengine hupita karibu na dunia yetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa darubini ya Palomar, California, walipiga picha sehemu ileile ya mbingu mara mbili, kwa kupishana karibu saa moja. Carolyn aliziweka filamu mbili chini ya hadubini, kila jicho na yake. Nyota hutulia, kilichosogea huonekana kimeelea juu yake au kimezama. Mimi nashona kofia za viua tangu usichana wangu, na kazi hiyo ya jicho naijua. Katika matundu yote yale, moja likikaa kombo unalihisi kabla hujaliona.

Machi 1993 filamu zao zilikuwa zimeingia mwanga zikaharibika kingoni, na mawingu yalikuwa yakitanda. Wakazitumia hivyohivyo. Alipozikagua, Carolyn aliona kitu mfano wa nyotamkia iliyokanyagwa. Ndiyo ile Shoemaker-Levy 9, iliyokwisha kupasuka vipande, na Julai 1994 vipande hivyo vikaigonga sayari ya Mshtarii kimoja baada ya kingine, vikaiachia madoa meusi yaliyoonekana hata kwa darubini ndogo. Miaka mitatu baadaye Gene alikufa kwa ajali ya gari huko Australia. Carolyn mwenyewe aliumia vibaya. Alipopona akarudi kwenye anga lake.

Siku hizi picha za anga hukaguliwa kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo niliyonyimwa. Ninaviomba vyuo vya Mombasa viache kutuuliza umri, na viweke darasa la alasiri, wakati chakula cha mchana kimeshapakuliwa na watoto wamekwenda madrasa. Hapa mtaani kwetu peke yake nimeshapata wanawake sita walio tayari kulipa karo. Siku yoyote tutafika, isipokuwa Ijumaa.

Mshona kofia,
Kuze, Mombasa