Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kura Moja na Nusu kwa Kila Kituo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulijipa kazi moja: kuelewa kwa nini uchaguzi wa urais hapa Kenya huishia mahakamani, na kama kasoro iko kwenye mfumo wa kupiga kura au kwenye kuhesabu. Mjadala ulikuwa mkali na haukuisha kwa sauti moja. Pale tulipotofautiana nitautaja msimamo wangu waziwazi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Nianze na tarakimu za 2022, kwa sababu hizo ndizo zilizobadilisha mawazo ya wengi wetu. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229, kwa hiyo pengo ni wastani wa kura tano kwa kila kituo. Lakini Ibara ya 138 ya Katiba haimtaki mshindi ampite mpinzani tu. Inamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Zigawanye kwa vituo vyote: ni kura moja na nusu. Makosa yanayoangukia kila upande kwa bahati hufutana. Yanayoegemea upande mmoja, hata yakiwa ya kura mbili tu kila kituo, yanaweza kuamua kama taifa litarudi kwenye foleni kwa duru ya pili.

Ndiyo maana Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, ilichukua muda wetu mwingi kuliko jambo lingine lolote. Kituo kikifungwa, kura ya urais ndiyo huhesabiwa kwanza. Msimamizi wa kituo hufungua karatasi moja moja, akawaonyesha mawakala wa wagombea, akataja jina. Wakala asiyeridhika anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Kisha fomu hujazwa, hutiwa saini, nakala hubandikwa mlangoni, picha yake hutumwa kwa kutumia KIEMS, kifaa cha kielektroniki kinachotambua wapiga kura na kutuma matokeo, na fomu halisi hupelekwa kwenye kituo cha kujumlisha cha eneo bunge, ambako Fomu 34B, yenye jumla ya eneo bunge zima, huandaliwa.

Wakala anayejua kazi hufanya hesabu mbili kabla ya kutia saini. Kwanza, karatasi zilizoletwa kituoni, ukitoa ambazo hazikutumika na zilizoharibika, zilingane na zilizotoka sandukuni. Pili, kura halali jumlisha zilizokataliwa zisizidi idadi ya watu waliotambuliwa na kifaa. Wengi hukwama kwenye maneno. Kura iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura alikosea akairudisha, akapewa nyingine. Haikuingia sandukuni kabisa. Iliyokataliwa iliingia, ila haihesabiwi kwa mgombea yeyote. Msimamizi aliyechoka akiziandika zote mstari mmoja, fomu haitalingana, na mwezi mmoja baadaye wakili ataiita wizi. Kuna pia karatasi zinazotumbukizwa kwenye sanduku la nafasi nyingine: kwa masanduku sita hilo halikwepeki, na ni sababu mojawapo ya jumla ya urais kutolingana na ya ugavana bila hila yoyote.

Wakala anaweza kukataa kutia saini na kuandika sababu zake. Ajue lakini kwamba kukosekana kwa saini yake peke yake hakubatilishi matokeo. Sababu iliyoandikwa papo hapo ina nguvu kuliko kususa.

Kuhusu ni jumla ipi itumike kukokotoa asilimia, tulirudi 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, kwa kuhesabu pia kura zilizokataliwa kwenye jumla. Aliivuka nusu kwa kura elfu nane na kitu. Mahakama ya Juu ikasema zilizokataliwa zisiingizwe kwenye hesabu ya asilimia, na papo hapo fungu lake likapanda juu ya 50.5 bila kura hata moja kuongezeka. Kanuni ya namna hii haifai kusubiri kesi. Inapaswa kujulikana kabla sanduku halijafunguliwa.

Asilimia zenyewe nazo hudanganya. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakataa matokeo, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wanne zilifika 100.01. Hiyo ni athari ya kukadiria kila asilimia hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Nao wakasema asilimia 0.01 hiyo ni kura zaidi ya 142,000; kwa kura halali milioni 14.2, ni kama 1,420. Naomba kila mwanachama anayezungumza hadharani atumie idadi ya kura na aache asilimia.

Mahakama zimetufundisha mengi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi kwa majaji wanne dhidi ya wawili, hasa kwa sababu ya namna matokeo yalivyosafirishwa na kuthibitishwa. Mwaka 2022 majaji wote saba waliuthibitisha, baada ya kuona kwamba fomu halisi hazikutofautiana kwa maana na zilizokuwa kwenye tovuti ya umma. Tazameni tofauti: 2017 tarakimu zilionyeshwa bila fomu za kuzithibitisha, 2022 picha za fomu ziliwekwa bila tarakimu zilizojumlishwa, vyombo vya habari vikajumlisha kila kimoja kivyake na kutuonyesha viongozi tofauti jioni moja. Tunahitaji vyote viwili mahali pamoja.

Sasa mfumo wenyewe. Baadhi yenu mlipendekeza mpiga kura apange wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili na kuendelea, ili asipopatikana mshindi chaguo la pili lihesabiwe na duru ya pili isihitajike. Hoja hiyo ina uzito. Duru ya pili lazima ifanyike ndani ya siku 30 tangu ya kwanza, na tume inaweza kuchukua siku saba kutangaza. Zinabaki 23 za kuchapisha na kusambaza karatasi, ambazo mwaka 2022 zilichapishwa Ugiriki. Sri Lanka hutumia upangaji, na mwaka 2024 ililazimika kwa mara ya kwanza kuhesabu chaguo la pili.

Hata hivyo ninaupinga kwa hapa kwetu. Wagombea wanne wanaweza kupangwa kikamilifu kwa njia 24. Wanane, kama 2017, kwa njia 40,320. Matokeo ya kituo hayaenei tena kwenye ukurasa mmoja wa mlangoni. Na hata kwa utaratibu wa Sri Lanka, kituo hakiwezi kujua chaguo la pili la kuhesabu hadi wawili wa juu wajulikane kitaifa, kwa hiyo masanduku yafunguliwe tena baadaye, mawakala wakiwa wameshatawanyika. Tungepoteza ngao pekee ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuikagua kwa macho yake.

Majirani wametupa funzo pia. Malawi ilifuta uchaguzi wake wa 2019, ambao fomu zake zilisahihishwa kwa wino mweupe, na mahakama ikataka mshindi apate zaidi ya nusu. Tanzania, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza tangazo la urais. Kwetu mlango uko wazi: siku saba za kuwasilisha pingamizi, kumi na nne za kuamua. Siku hizo hazitoshi kukusanya ushahidi ambao haukukusanywa kituoni.

Uchaguzi unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza: mafunzo yetu yote ya mawakala yaanze na kujaza Fomu 34A ya mazoezi yenye makosa ya makusudi, hadi kila mmoja aweze kuyataja. La pili: tuiombe tume kuchapisha, pamoja na picha ya kila fomu, jedwali la tarakimu zake ambalo yeyote anaweza kulipakua na kulijumlisha. Wenye marekebisho ya maneno ya azimio wampe katibu kabla ya kikao cha mchana.