Barua ya wazi kwa Meya wa Grand Rapids: kesi imefungwa, wajibu wa jiji bado upo

Mheshimiwa Meya David LaGrand,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo baba yake Patrick Lyoya, kijana Mkongomani aliyeuawa kwa risasi na askari wa jiji hili mwaka 2022, aliitumia, kupitia mkalimani, alipoueleza umma wa Michigan kwamba familia yake iliikimbia vita ya Congo na kufika Marekani mwaka 2014 ikiamini kwamba imefika mahali salama. Wakongomani wa jiji hili, pamoja na majirani zao wanaozungumza Kiswahili, hawakumhitaji mkalimani yule. Naiandika barua hii hadharani ili nao waisome na waipime, na wale watakaokubaliana nami waje wakuulize wenyewe.

Mambo yaliyotokea yanajulikana. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, askari wa jiji alimsimamisha Patrick, kijana wa miaka 26, akimweleza kwamba namba za gari hazikuwa za gari lile. Patrick alijaribu kukimbia, wakakabana, wakagombania kifaa cha umeme (Taser) cha askari, na mwisho Patrick alipigwa risasi kisogoni akiwa kifudifudi na askari akiwa juu yake. Askari alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Mwezi Mei 2025 baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuiamua kesi, lilishindwa kukubaliana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent akatangaza kwamba hatairudisha kesi mahakamani.

Sikuombi uifufue kesi hiyo, kwa kuwa mamlaka hayo si yako. Lakini baraza la mahakama liliulizwa jambo moja tu, yaani kama mtu mmoja alitenda kosa la jinai. Halikuulizwa kwa nini suala la namba za gari lifikie hatua ya askari aliye peke yake kupambana na dereva ardhini, wala ni nani anayechunguza malalamiko ya wananchi kabla hayajageuka msiba. Maswali hayo ni ya jiji, Mheshimiwa, na hakuna hukumu inayolizuia Baraza la Jiji kuyajibu.

Jiji lenyewe liliujua ubaguzi wa polisi wake dhidi ya Weusi miaka mitano kabla ya kifo cha Patrick. Mwaka 2017 utafiti ulioagizwa na jiji uligundua kwamba uwezekano wa dereva Mweusi kusimamishwa na polisi wa Grand Rapids ulikuwa mara mbili ya ule wa dereva asiye Mweusi. Desemba ya mwaka huohuo, binti Mweusi wa miaka 11 alifungwa pingu nje ya nyumba yao na polisi waliokuwa wakimtafuta mtu mzima. Julai 2022, Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba utaratibu wa polisi wetu wa kuwachukua alama za vidole watu ambao hawakuwa wamekamatwa ulivunja Katiba; walioufikisha mahakamani walikuwa vijana wawili Weusi wa jiji hili. Anayeyatazama haya yote kwa pamoja na bado akasema kwamba kifo cha Patrick kilikuwa bahati mbaya ya asubuhi moja, mimi siwezi kukubaliana naye.

Mwaka 2021 jiji la Philadelphia liliwazuia askari wake kuwasimamisha madereva kwa makosa madogo peke yake, na mwaka 2023 Ann Arbor, hapa hapa Michigan, ikapitisha sheria ya namna hiyo. Najua utanikumbusha kwamba namba zisizolingana na gari ni jambo zito kuliko taa iliyopasuka, na ni kweli, kwa kuwa huenda gari limeibwa. Hata hivyo, askari anaweza kusubiri mwenzake afike, na anayekimbia kwa miguu huku gari lake na abiria wake wamebaki barabarani anaweza kutafutwa baadaye. Kanuni inayomruhusu askari kuachana na mtu badala ya kumfukuza haimwachi mhalifu aende zake, bali inawalinda watu wawili, akiwemo askari mwenyewe.

Jambo ninalolipa uzito mkubwa zaidi ni uchunguzi. Jiji lina Ofisi ya Usimamizi na Uwajibikaji kwa Umma, na kuanzishwa kwake kulikuwa hatua njema. Lakini mwananchi anayemlalamikia askari bado anakuta lalamiko lake likichunguzwa na askari wenzake wa kitengo cha ndani, kisha wengine wanayapitia matokeo. Wazee wetu walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Ofisi hiyo ipewe uwezo wa kuanzisha uchunguzi wake yenyewe, kuwahoji mashahidi na kuitazama picha ya kila kamera bila kuomba ruhusa ya mkuu wa polisi.

Usidhani kwamba umma hauko nyuma ya mageuzi haya. Mwaka 2020 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 58 ya Wamarekani walitaka mabadiliko makubwa katika kazi ya polisi, asilimia 36 walitaka madogo, na asilimia 6 tu hawakutaka lolote. Tangu hapo makelele yamepungua na wanasiasa wengi wamegeukia mengine. Mswada wa mageuzi ya polisi wenye jina la George Floyd, Mweusi aliyeuawa na polisi mwaka 2020, ulipita Baraza la Wawakilishi mara mbili ukakwama kwenye Seneti. Ndiyo maana sitegemei Washington. Ninautegemea ukumbi wenu wa mikutano, ambako wakazi wa jiji hili wamesimama tena na tena tangu Aprili 2022 kudai haya ninayoyaandika.

Kuna moja la wazungumzaji wa Kiswahili. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo dereva akisimamishwa hushuka na kumfuata askari, na huko huhesabiwa adabu. Hapa kitendo hicho humtia askari hofu. Askari wafundishwe hilo, nasi tufundishwe kwa lugha yetu, bila jukumu la kubaki hai kuachwa juu ya dereva peke yake.

Naomba Baraza liupangie siku mjadala wa sheria ya kusimamisha madereva na mamlaka ya Ofisi ya Usimamizi, itangazwe mapema, na mkalimani wa Kiswahili awepo ukumbini. Tutakuja.

Kwa heshima,
Mkazi wa Grand Rapids