Ukitafuta pwani ya kupumzika Ulaya, tazama kwanza wenyeji wako wapi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita iliwashauri wasomaji wenye watoto au ndugu Ulaya wakapumzike Barcelona, Uhispania, au kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, muuguzi hapa Stuttgart, na naomba kuwaelekeza kwingine: Tavira, kusini mwa Ureno, si mbali na mpaka wa Uhispania.

Malindi tumekua tukiona njia za kuendea baharini zikizibwa moja moja na kuta za hoteli, mpaka mvuvi azunguke mbali kukifikia chombo chake. Ndiyo maana swali langu la kwanza juu ya mji wowote wa pwani ni kama wenyeji bado wana bahari yao. Julai 2024 wakazi wa Barcelona waliandamana, wengine wakawarushia wageni maji kwa bastola za kuchezea. Siwezi kumpeleka mama yangu kupumzika mahali ambapo mwenye mji amechoshwa kiasi hicho. Italia nilikwenda mwaka juzi, mji mkubwa wa pwani ya bahari ya Adriatic. Miavuli imepangwa safu kwa safu hadi karibu na maji, na usipolipia kitanda huna pa kutandika kanga ila kipande chembamba kilichoachiwa wasiolipa.

Ureno ufuo ni mali ya umma tangu amri ya 1864. Vitanda vya kukodi vipo, lakini kando yake unakaa utakapo na hakuna wa kukuuliza.

Mama alikuja Septemba. Viza yake ya Schengen aliipata kwa Ujerumani, ada euro 90, nayo ilitosha kuingia Ureno. Kutoka mji wa Faro tulipanda treni ya polepole, kama dakika arobaini, tukashuka Tavira. Ufuo wenyewe uko kisiwani ng'ambo ya mkono wa bahari, mchanga mweupe wa kilomita 11, na unavuka kwa boti kwa euro chache. Sisi tulipenda kutembea hadi gati la boti la Quatro Águas, kama kilomita mbili, tukipita katikati ya mashamba ya chumvi yenye heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Mama alisimama akatazama yale marundo meupe, akasema ni Gongoni hii, kule kwetu kunakovunwa chumvi.

Lakini kilichomfurahisha zaidi ni maji kupwa. Bahari ya Mediterania karibu haipwi wala haijai, nasi watu wa pwani tunaiona kama imelala. Tavira ni upande wa Atlantiki. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita tatu, kama kwetu. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yametoka, na watu wa pale, wanaume kwa wanawake, wameinama kwenye tope wakichimbua kombe. Mama alivua viatu akashuka. Hakujua neno la Kireno, ila alionyeshwa pa kuchimba, na akarudi na tope hadi magotini.

Kilomita tatu kutoka hapo kuna kijiji cha Santa Luzia, kinachoishi kwa pweza. Kwetu tunamchokoa kwa kijiti mwambani. Wao hutosa vyungu baharini, vimefungwa mstari mmoja kwenye kamba ndefu. Zamani vya udongo, siku hizi vingi ni vya plastiki. Pweza huingia mwenyewe kutafuta pango, na kamba ikivutwa hatoki. Tulimla wa kuchoma, siku tatu mfululizo. Ng'ambo yake, ufuo wa Barril, nanga zilizokuwa zikishikilia nyavu za jodari zimepangwa mchangani safu baada ya safu, zimeliwa na kutu. Jodari waliadimika, uvuvi ule ukafa. Mama hakutaka kupiga picha pale, na nilimwelewa.

Msije mkidhani maji ni ya Malindi. Septemba ni nyuzi 22 hivi, na mwili hushtuka mwanzoni. Hata hivyo nendeni mwezi huo: shule zimefunguliwa, vyumba vimeshuka bei, na bahari bado haijapoa. Agosti pajaa hata pale. Na atakayefuatana na mzazi atafute chumba upande wa mtoni, karibu na daraja la zamani, kwa sababu njia za juu kuelekea ngome ni za mawe na mwinuko wake unachosha magoti.

Msomaji wenu,
Stuttgart, Ujerumani