Mratibu wa jamii si mpiga debe wa utafiti

Mhariri,

Matangazo ya kazi za utafiti wa kiethnografia unaofanyika mtandaoni, katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja, hutaja kwanza mtafiti mkuu, kisha wachambuzi, kisha mtaalamu wa programu. Chini kabisa, kwa mkataba wa miezi michache, huwekwa “mtu wa mitandao ya kijamii” wa kuvuta washiriki, yaani mratibu wa jamii. Miradi mingi huharibikia hapo hapo. Sisi tunaoifanya kazi hiyo tungependa wanaotoa fedha na wanaokaa kwenye bodi za maadili zinazoidhinisha tafiti waelewe sababu.

Ethnografia humtaka mtafiti akae na watu hadi wamzoee. Mradi wa Why We Post wa University College London ulichunguza matumizi ya mitandao ya kijamii, lakini wanaanthropolojia wake 9 walikwenda kuishi miezi 15 kila mmoja katika eneo lake. Mradi unaoendeshwa kwenye jukwaa la mazungumzo pekee hauna chumba cha kupanga mtaani. Anayekaa na watu ni mratibu: ndiye anayempokea mgeni, anayemjibu, anayejua nani amenyamaza na tangu lini. Akiletwa maswali yakiwa yameshaandikwa, ili apige debe tu watu wajae, mradi unabaki na dodoso lililovishwa jina la ethnografia.

Aanze angalau miezi mitatu kabla ya jukwaa kufunguliwa, na kazi yake ya kwanza iwe kuyavunja maswali ya mradi. Andiko la kuomba fedha husema “mitazamo ya wananchi kuhusu taasisi za umma”. Libandike hivyo jukwaani, utapata hotuba za wapenda hotuba, au kimya. Mratibu huligeuza: “Mara ya mwisho ulipohitaji kibali au cheti, ulianzia wapi, na nani alikusaidia?” Ukiuliza tukio utasimuliwa tukio, na hilo ndilo mchambuzi anaweza kulifanyia kazi. Kisha atafute watu 15 hadi 20 wa kila lugha waandike kabla ya mlango kufunguliwa, kwa kuwa anayekuta ukumbi mtupu huondoka na harudi tena. Waachwe waandike wanavyoongea, na makosa yao ya tahajia yabaki. Maandishi yaliyonyooshwa na ofisi huwafanya wanaofuata wadhani ni mtihani.

Baada ya kufungua, jibu la kwanza ndilo linaloamua mengi. Anayeandika kwa mara ya kwanza ajibiwe ndani ya saa 24, na binadamu, kwa lugha aliyoitumia, kwa sentensi inayoonyesha kwamba amesomwa na swali moja la kumwendeleza. “Asante kwa mchango wako” ni namna ya heshima ya kumfukuza mtu.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kuhusu mgawanyo ambao waratibu wanaujua kwa macho: katika jamii za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara moja moja, na asilimia 1 huandika sehemu kubwa ya yote. Ni kadirio tu, lakini piga hesabu: kwenye jukwaa la watu 300, “sauti ya jamii” yaweza kuwa watu watatu wenye nafasi na kifurushi cha kutosha. Kwa hiyo kila wiki mratibu ahesabu waandishi tofauti, kwa lugha na kwa nchi, badala ya kuhesabu machapisho. Mtu mmoja akizidi robo ya maandishi ya lugha yake, watafutwe wengine kabla uchambuzi haujaanza. Idadi ya waliojisajili, ambayo ripoti kwa wafadhili huipenda sana, haituambii chochote.

Waratibu nao hugawanywa vibaya. Mtu huandika kwa lugha, lakini hushtakiwa kwa nchi. Wabrazili, Wareno na Wamsumbiji wanaweza kukaa ukumbi mmoja wa Kireno chini ya mratibu mmoja, na mazungumzo yakanoga. Ila mzaha kuhusu polisi usiomdhuru mmoja waweza kumtia mwenzake matatani. Tunapendekeza mratibu mmoja kwa kila lugha, na kwa kila nchi msomaji wa saa chache kwa wiki mwenye mamlaka ya kuficha chapisho kwanza na kujieleza baadaye. Kwa makadirio yetu mratibu wa nusu siku humudu watu 40 hivi wanaoandika mara kwa mara. Wakizidi hapo, majibu huanza kufanana.

Ridhaa hufanywa ovyo kuliko yote. Kisanduku cha “nimekubali” chini ya kurasa za lugha ya kisheria kinailinda taasisi, hakimlindi mshiriki. Kabla ya chapisho la kwanza, weka maswali matatu mafupi. Je, asiye mwanachama anaweza kusoma utakachoandika? Je, maneno yako yanaweza kutumika kwenye ripoti? Ukitaka kujitoa, utamwandikia nani? Anayekosea aelezwe, ajibu tena, kisha aingie. Mratibu atazame ni swali lipi linakosewa katika lugha ipi: wengi wakikosea lile lile, maelezo ndiyo mabovu. Na tusijifiche nyuma ya hoja kwamba jukwaa liko wazi kwa wote. Chama cha Watafiti wa Intaneti, AoIR, kimetoa miongozo ya maadili mwaka 2002, 2012 na 2019, na humo imesisitizwa kwamba jambo kuonekana hadharani hakumaanishi mwenyewe ameridhia lichunguzwe.

Jina la kubuni nalo halitoshi. Nukuu kamili ikibandikwa kwenye injini ya utafutaji yaweza kumfikisha msomaji moja kwa moja kwa mwandishi wake. Mchambuzi aieleze kwa maneno mengine au aitoe kwa tafsiri tu, kisha aitafute yeye mwenyewe kabla ya kuchapa. Hata hivyo, “mkunga wa miaka hamsini na kitu, kisiwa chenye zahanati moja” ni mtu anayejulikana bila jina. Jambo moja kati ya hayo lazima liondolewe.

Sheria za nchi nyingi zinatatiza kuliko programu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na taasisi yenye makao huko hufungwa nayo hata kama washiriki wake wako bara jingine. Siasa, dini na afya huhesabiwa kuwa taarifa nyeti, na kwenye mazungumzo huria watu huzitaja bila kuulizwa. Ombi la mshiriki kuhusu taarifa zake hujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, mamlaka hujulishwa ndani ya saa 72. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022. Njia nyepesi ni kushika masharti makali kuliko yote na kuyatumia kwa kila mshiriki, huku mwanasheria akiangalia yale ambayo nchi moja moja imeyaongeza.

Kujitoa kunahitaji mpango ulioandikwa mapema. Ukifuta chapisho, maneno yake hubaki ndani ya majibu ya wenzake waliolinukuu, ndani ya nakala za akiba, na ndani ya jedwali la mchambuzi. Kila mahali pawe na mtu anayewajibika, na mshiriki aambiwe tangu mwanzo tarehe ambayo baada yake ripoti haitaweza kubadilishwa.

Washiriki wengi wataomba mhamie WhatsApp. Tunawaelewa, ila katika makundi ya kawaida namba ya kila mtu huonekana na wenzake, na waliokubali kuandika jukwaani hawajakubali ujumbe wao wa sauti unakiliwe huko. Kundi litumike kutoa taarifa tu: swali jipya limewekwa, kiungo hiki hapa.

Kuhusu malipo tuseme wazi: kulipa kwa kila chapisho kunaua mazungumzo, kwani hadithi moja hukatwa vipande vitano. Lipa muda, kwa saa, kwa kiwango kinachofuata mishahara ya nchi husika, na kanuni ya kukokotoa iwekwe hadharani. Washiriki watalinganisha malipo hata usipotaka, kwa kuwa wako jukwaa moja. Hakikisha pia kwamba kadi au vocha iliyonunuliwa nchi moja inatumika nyingine, jambo linalosahaulika mara nyingi.

Saa za mikutano ziandikwe kwa mfumo wa saa 24 pamoja na UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. “Saa nane” ya Kiswahili ni 14:00 au 02:00, haijawahi kuwa 08:00, na mgeni hajui hilo. Marekani na Ulaya nazo husogeza saa mwezi Machi kwa tarehe tofauti, hivyo kwa wiki mbili au tatu ratiba yote hupinda.

Kila mratibu awe na daftari la matukio, kwa sababu kimya nacho ni data. Uganda ilipozima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, mchambuzi aliyekaa mbali angeweza kusoma siku hizo kama wananchi kutojali siasa. Mstari mmoja kwenye daftari unazuia kosa hilo. Ndani yake iandikwe pia mada ipi ilichokozwa na mratibu na ipi washiriki waliianzisha wenyewe. Bila hiyo, wachambuzi wataona watu wote “wanazungumzia ajira” kumbe ni sisi tuliouliza.

Lebo za uchambuzi, yaani maneno mafupi yanayoonyesha kila kipande cha maandishi kinahusu nini, zibandikwe kwenye maandishi ya lugha ya asili, na mtu aliyekulia katika lugha hiyo, si juu ya tafsiri ya mashine. Kila lebo iwe na maana ya mstari mmoja, mfano unaoifaa, na mfano unaofanana nayo lakini haumo. Kila baada ya wiki mbili wachambuzi na waratibu wakae saa moja kuunganisha lebo pacha. Bila kikao hicho, kila nchi huishia na orodha yake na ulinganisho, ambao ndio uliolipiwa, haupo.

Mwisho wa fedha usiwe mwisho wa ghafla wa jukwaa. Tangazo litoke siku 90 kabla, kwa lugha zote. Washiriki wapewe njia ya kupakua maandishi yao au kuyaondoa, wasome muhtasari wa matokeo kabla haujachapishwa, na mratibu abaki kazini miezi miwili baada ya mlango kufungwa ili barua za kuomba kufutwa zipate wa kuzijibu. Miezi hiyo miwili haimo katika bajeti nyingi. Bodi za maadili zina uwezo wa kukataa mradi usioiweka.

Ni sisi,
Waratibu wa jamii katika tafiti za mtandaoni