Picha za Wahadzabe zipewe majina

Mhariri,

Picha za Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, zimezagaa kila mahali: upinde, ngozi ya nyani, moto wa kupekecha. Chini yake huandikwa "mwindaji wa Kihadzabe", basi. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna tarehe. Mjukuu wake atamtambuaje?

Mtindo huu ni wa zamani. Mmarekani Edward Curtis, aliyetumia miongo mitatu kupiga picha wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, mwaka 1910 alipiga picha wanaume wawili wa kabila la Piegan wakiwa ndani ya hema. Katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Katika picha iliyochapishwa, saa imefutwa! Nadhani iliwafanya waonekane watu wa zama zake, na si hicho alichokuwa akikitafuta. Nasi tunapomwomba mtu avue fulana kwanza, tunaifuta saa ile ile.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Binafsi ningependa kuona picha ya mzee ameishika hati hiyo, hata akiwa amevaa kofia ya timu ya mpira.

Naomba gazeti lako likatae picha isiyo na jina na ridhaa ya mhusika, na mpiga picha ampelekee nakala ya karatasi. Abebe na kinasa sauti pia, kwa kuwa Kihadzabe kina vidoko, yaani sauti za kualika ulimi, ambavyo kamera haivinasi.

Msomaji wako,
Karatu